Mkono wa Kulia

Waliuita wa kulia, nami nikaamini
ni kwa sababu ndio ulioniliza.

Nilikuwa na miaka minne, Magomeni Mapipa,
nyumba ya vyumba sita na choo kimoja cha uani.
Bibi Kidawa alinifunga wa kushoto kwa kipande cha khanga,
akakaza fundo nyuma ya mgongo,
akaniwekea sahani ya wali.
"Kula kama watu," alisema.
Hakuwa mkali. Nataka hili lieleweke.
Aliupuliza wali usiniunguze,
akaokota punje nilizoangusha mkekani,
na fundo hakulilegeza.

Khanga ile ilikuwa na maneno.
Sikujua kusoma bado.
Niliyasikia tu yakinibana kwenye kifundo cha mkono.

Wapangaji walipita na ndoo zao.
Mama Tunu: heri mapema, akikua hivi ataolewa na nani?
Mzee Chande wa chumba cha mbele
alisema nduguye walimpaka pilipili,
na sasa ni karani wa bandari.
Kila mtu alikuwa na dawa.
Hakuna aliyeuliza ugonjwa.

Shuleni Mwalimu Ngonyani hakuwa na khanga,
alikuwa na rula.
Nikaiandika a kwa mkono usioijua,
ikatoka imelala chali kama mende,
na darasa la watoto themanini likacheka kwa mpigo mmoja,
na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka nao.
Nadhani ni siku hiyo kazi ilikwisha.

Leo nakata vitambaa Kariakoo, Mtaa wa Kongo.
Mkasi ni wa kulia. Meza ni ya kulia.
Noti napokea kwa kulia, chenji natoa kwa kulia,
na wateja husema, Mama Salha ana adabu.
Adabu yangu ina miaka thelathini na mitatu.
Mimi nina thelathini na saba.

Lakini glasi ikiteleza mezani,
anayeidaka ni yule mwingine.
Hufika kabla yangu.
Akishadaka hurudi mfukoni mwa dera,
kama mtoto wa nje aliyekuja msibani
akaona macho ya watu.

Hata lugha ilishakata shauri zamani:
huu wa kuume, ule wa kike,
na wa kike ndio wa chooni.
Basi mimi nilizaliwa mwanamke mara mbili,
nikapunguzwa mara moja.

Jumapili iliyopita umeme ulikatika,
joto la Februari limetufukuza ndani, tuko kibarazani.
Nikampa Salha kijiko.
Ana miaka miwili na miezi.
Akakishika kwa kushoto,
uji ukafika kinywani bila kudondoka hata tone.

Nilifurahi. Naapa nilifurahi.
Moyo ulisema, kumbe, tumekutana.
Na moyo ukiwa bado unasema hivyo
mkono wangu wa kulia, mwanafunzi bora wa nyumba ile,
ulikuwa umekwisha kunyooka,
umekitwaa kijiko, umekihamishia upande wa pili,
na mdomo wangu unasema, "Kula kama watu."

Watu gani?
Nilitafuta sauti yangu humo ndani.
Alikuwamo Bibi, alikuwamo Mama Tunu na ndoo yake,
alikuwamo hata yule karani wa bandari nisiyewahi kumwona.

Salha hakulia.
Alinitazama kama mtu anayetazama fundi
aliyekosea kipimo,
akakirudisha kijiko kushoto.
Nikakihamisha.
Akakirudisha.
Jirani yetu Mama Rahma akatua ndoo chini
apate kuona nani atachoka kwanza.

Uji ukaanza kuweka utando.
Mfukoni mwa dera, gizani,
vidole vilikuwa vinahesabu:
mara ya tano, mara ya sita.