Majani Yenye Matundu

Miaka tisa niliuza dawa za nyanya
nyuma ya stendi ya Moshi.
Chupa za bluu, chupa za kijani, vifuniko vyekundu,
na kwenye kila chupa maandishi madogo kama mayai ya chawa:
subiri siku kumi na nne kabla ya kuvuna.
Nani alisubiri?
Mteja alipiga dawa Alhamisi,
Jumamosi nyanya zake ziko sokoni, zinameta,
na mimi, Mungu anisamehe, nikazisifu rangi
nikabeba kilo mbili nyumbani.

Ndiyo maana siku hizi, nikifika Kiboriloni,
nazipita meza zilizopangwa kama gwaride
hadi kwa Ndeanasia wa Mbokomu
aliyetandika gunia lake chini, penye vumbi.
Mnafu wake umetoboka kama chandarua cha bweni.
"Leo wamekula sana," anasema, ana haya kidogo,
analigeuza fungu upande uliopona.
Ligeuze tena, mama. Nionyeshe matundu.
Aliyeonja kabla yangu hakufa.

Hana kila kitu.
Mwezi wa saba, ukungu ukishuka mpaka barabarani
na mlima ukajifungia siku kadhaa bila kusalimia mtu,
ana magimbi, ana mshare uliokatwa alfajiri,
utomvu bado unanata vidoleni.
Desemba moja nilimwulizia parachichi.
Alicheka mpaka kanga ikamlegea:
"Mti umelala, baba. Kwani wewe hulali?"

Ng'ombe wake ni mmoja, yuko zizini.
Mgomba unamlisha ng'ombe, ng'ombe anaulisha mgomba,
na Ndeanasia anapita katikati yao na ndoo.
Maji ya mfongo humfikia kwa zamu, Jumanne, usiku.

Nisijifanye mtakatifu lakini.
Kuna siku miguu hunipeleka kwenye duka kubwa
lenye milango ya kioo inayojifungua yenyewe.
Baridi ya mle haina mwezi,
taa zake hazijasikia habari za masika.
Aikande, binti yangu, alililia tufaha lenye kibandiko.
Nikalipa elfu moja mia tano. Tufaha moja!
Akakibandua kibandiko, akakipachika kwenye paji la uso,
akaling'ata mara mbili, akanirudishia:
"Baba, hili halina kitu ndani."
Nililimaliza mwenyewe, fedha ni fedha.
Usiku alilala na nchi ya watu usoni.

Jirani yangu Mangowi hunicheka:
"Gunia moja la mama mmoja litalisha mji gani?"
Sijui habari za mji, Mangowi.
Mimi najua sufuria.

Sasa sikiliza. Jumamosi iliyopita
Ndeanasia aliniita pembeni ya gunia,
akainamisha sauti kama mtu anayekopa.
"Wewe si uliuza dawa zamani?
Nitajie ile ya viwavi.
Wateja wanaangalia matundu, wanapita."

Jina likanijia ulimini, jepesi,
jina ninaloweza kulitaja usingizini
pamoja na bei, pamoja na kipimo cha kila kifuniko.
Mwanamke yule alikuwa amebakiwa na mafungu saba
na jua lilikuwa linaelekea saa tisa.
Ningekuwa nani kumwambia avumilie?
Tumbo langu halikulala njaa kwa ajili ya majani yake.

"Nimesahau," nikasema.
Nikanunua yote saba, bila kuomba nyongeza,
nikamwahidi kupanda kwake na debe la majivu
tujaribu kwanza, tuone.
Sijui kama aliniamini.

Tulikula mnafu siku tatu.
Una uchungu wake, haufichi.
Siku ya tatu, fungu la mwisho likioshwa,
Aikande alimkuta kiwavi kwenye beseni,
mzima, mnene, hana habari na mtu.
Akamtoa nje juu ya kijiti,
taratibu,
kama anayemsindikiza mgeni hadi njia panda.