Chupa Nne

Nilijua siku ile maziwa yalipoungua.
Nimesimama papo hapo, mwiko mkononi,
nayaona yanapanda, yanamwagika, yanaganda meusi jikoni,
na Zuweina anakuja mbio kutoka ukumbini:
"Bibi, husikii?"
Nikatega sikio.
Nilisikia kiyoyozi kikikoroma
na adhana za Ibra, misikiti mitatu, kila mmoja na dakika yake.
Kumbe mtoto aliulizia pua.

Kiswahili chetu kina kitenzi kimoja cha kazi nyingi:
unasikia sauti, unasikia harufu,
unasikia chumvi imezidi, unasikia baridi magotini,
na asiyesikia la mkuu naye ana fungu lake.
Homa ya siku sita iliniachia kusikia kote
isipokuwa kumoja,
na kumoja huko ndiko kunakonilisha:
kila Jumatano, soko la wanawake,
nauza buhuri niliyoichanganya kwa mkono wangu.

Daktari Intisar wa Maskati alinichorea nyuma ya risiti.
Juu ya pua, alisema, pana mfupa wenye matundu kama chekeche.
Nyuzi za neva zinaning'inia humo, ncha zimelowa,
kila ncha inangoja chembe yake
kama kufuli na ufunguo.
Nikasema hapana, kama mwari na posa:
si kila apigaye hodi ni wake.
Akacheka, akaendelea.
Jicho na sikio hupita kwanza kwa bawabu wa ubongo,
awaulize ni nani, mwatoka wapi, mna shida gani.
Harufu haimjui bawabu.
Huingia mlango wa uani, viatu miguuni,
moja kwa moja hadi chumba
wanamolala hofu na mapenzi kitanda kimoja.
Nyuzi zako zimekatika. Zitaota.
Ila zikiota hazijui njia; zifundishe.

Basi chupa nne:
waridi la Jabal Akhdhar, ndimu kavu,
ubani wa Dhofari, karafuu.
Asubuhi na jioni, kila chupa sekunde ishirini,
na jina lake kichwani.

Sekunde ishirini ni ndefu kwa anayenusa glasi.

Waridi, hakuna.
Ndimu, hakuna.
Ubani, nikaliona povu la kumbukumbu, si lenyewe.
Karafuu ikanichoma ndani ya pua, nikapiga simu nikilia kwa furaha.
"Hiyo si harufu, mama. Hiyo ni neva nyingine, ya uso,
ile inayolia kwa kitunguu."
Shahidi wa uongo, basi.
Nikaifunga chupa, nikaifungua jioni.

Wateja sikuwaambia.
Nilichanganya kwa kidole gumba: sandali iliyosagika haikwaruzi.
Kwa sikio: ubani mkavu ukiupasua hulia *ka*,
mbichi hausemi kitu.
Kwa jicho: moshi mzuri hupanda umekonda.
Kipimo cha karafuu nilikitoa kwa marehemu mama,
majamvi ya Wete yamejaa ua zima,
nasi watoto tumekatazwa kukanyaga.

Mwezi wa tano kahawa ikanuka mpira wa gari unaoungua.
Nilicheza peke yangu jikoni, kanga kiunoni.
"Nyuzi zimefika," akasema Intisar, "ila nyumba si zao."

Jumatano iliyopita Raya binti Seif akafungua mkebe,
akafumba macho, akakunja pua.
"Safari hii karafuu umezitia nyingi."
Kumbukumbu haina kibaba, nilitaka kumwambia.
Alinunua mikebe miwili, akadai apunguziwe.

Alipoondoka niliuleta mkebe wa tatu usoni.
Mpira wa gari.
Mpira wa gari tena.
Na nyuma yake, mbali, kama mtu anayekuita kutoka uani
huku bomba la maji liko wazi,
kitu.

"Bibi, husikii? Mteja anauliza bei."

Ngoja, mwanangu.
Sijafika ishirini.