Maili ya Arobaini na Moja

Mataruma nayakata kwa wembe
kutoka vijiti vya kukorogea kahawa.
Mia mbili nilivichukua mkahawani kwa Leander Stuckless,
naye akageukia dirisha, akajifanya anahesabu theluji.
Nikavilaza usiku kucha katika siki
iliyokwisha kula chuma. Asubuhi vimezeeka
mvua za miaka thelathini,
kijivu kama kuni zilizotemwa na bahari.

Kisiwani kwetu Newfoundland garimoshi halipiti tena.
Njia imebaki tuta la kokoto,
watu wanatembeza mbwa, wanachuma zabibu mwitu.
Reli ziling'olewa,
na kipande cha Kettle Pond aliking'oa baba.
Miaka ishirini na sita aliitunza njia ile,
kisha ikaja barua, akalipwa kwa siku
kuvuta misumari aliyoipiga mwenyewe.
Jioni alirudi mikono inanuka kutu.
Mama alimimina maji ya moto karaini
wala hakumuuliza wamefika wapi.

Mimi nilikuwa fundi wa meno ya bandia.
Vidole vyangu vinajua kazi ya unywele:
reli nyembamba kuliko njiti ya kiberiti,
msumari mdogo kuliko punje ya mchele,
minne kwa kila taruma,
na kati ya reli na reli milimita kumi na mbili,
si kumi na moja na nusu, si karibu na kumi na mbili.
Napima kwa kipande cha shaba, napiga, napima tena.
Chuma hakijui huruma wala uzee wa fundi,
ukikosea leo, gurudumu litakusema kesho.

Pale njia inapoachana nasugua ulimi wa reli
kwa tupa ileile iliyolainisha magego ya watu,
nasugua, nausogeza taani, nasugua,
mpaka uwe mwembamba kama ukucha wa mtoto mchanga.
Ulimi mmoja, siku mbili.
Dukani zipo reli tayari, za kuunganisha tu.
Najua. Msiniambie.

Daftari la baba ninalo, limevimba kwa unyevu.
Maili ya 12: sawa.
Maili ya 30: taruma mbili zimeoza.
Maili ya 41: pamezama tena. Kokoto, magari mawili.
Mwaka uliofuata: pamezama tena.
Na uliofuata. Chini palikuwa na kinamasi
kisichoshiba mawe,
na abiria wazoefu walishika vikombe vyao
kabla dereva hajapiga honi.

Basi nilipofika arobaini na moja
nikajenga kama nilivyojenga kwingine,
njia imenyooka, imelala, maji ya pima hayatikisiki.
Nikaachia garimoshi.
Likapita pale bila kusema neno.
Clarence wa ng'ambo ya barabara akapiga makofi.
Mimi nikakaa juu ya ndoo ya rangi, taa ikiwaka,
mpaka alipoaga.

Kisha nikachukua koleo.
Misumari kumi na sita.
Msumari ukivutwa kutoka kwenye mti hulia.
Sikuwa najua hilo. Hata huu,
huu wa kushikwa kwa kibano,
hulia, kilio kifupi, kikavu,
nami peke yangu chini ya sakafu
na boila inanguruma.
Baba alivuta mingapi kwa siku?
Daftari halisemi. Daftari linaishia kwenye kokoto.

Nikakwangua kizibo chini ya mataruma,
upande wa kushoto, unene wa karatasi tatu,
nikapiga misumari upya, ileile.

Sasa mabehewa yakifika pale
yanainama kidogo, moja baada ya jingine,
na la mwisho linachelewa kuinuka.
Clarence ameleta pima yake: "Bride, hapa pamebonyea."
Nikamwambia, ndiyo, kila mwaka,
na nikamwomba anishikie taa,
maana ya arobaini na mbili bado,
na vijiti vimekwisha.