Mdomo wa Tarumbeta Kwapani

Saa kumi alfajiri, pwani ya Labrador,
baridi kali hata misumari ya mlango inalia.
Nimeuficha mdomo wa tarumbeta kwapani,
chini ya koti, chini ya sweta, chini ya shati,
maana shaba iliyolala nje hung'oa ngozi ya midomo
na haiombi radhi.

Tulikuwa kumi na mmoja.
Mjomba Renatus alipuliza besi hadi vioo vikatetemeka.
Mwaka huu tumebaki wawili:
Tabea na tromboni yake iliyofungwa kwa uzi wa nyavu,
nami, ambaye sikuwahi kuwa mpulizaji mzuri
hata nilipokuwa na meno yote.

Hujui kazi yetu, nikueleze.
Kila Pasaka, kabla ya jua,
tunapita nyumba kwa nyumba tukiwaamsha walio hai,
kisha tunapanda makaburini
kungoja mapambazuko pamoja na wafu.
Ndivyo walivyofanya mababu tangu waamini,
miaka ya sili tele na miaka ya kutafuna ngozi za viatu.

Sikutaka kutoka.
Chewa walitoweka, kiwanda kikafungwa,
mchungaji huja kwa ndege mara mbili kwa mwaka,
hali ya hewa ikipenda.
Na Natani wa Salome, miaka kumi na tisa,
yumo sandukuni ndani ya banda la mashua
tangu Februari,
kwa kuwa ardhi imekataa sururu.
Siku tatu tulikoka moto juu yake;
ikalainika dhiraa moja, ikagoma.
Nimpigie mama huyo tarumbeta ya furaha, mimi nani?

Tabea hakunijibu. Ana miaka sabini na sita,
hajibu maswali kabla ya chai.
Alisema tu, "Umeupasha?"
Nikasema nimeupasha.
"Basi twende."

Nyumba ya kwanza, kimya. Ya pili, mbwa.
Ya tatu, vali yangu ya kati ikaganda,
na noti iliyopaswa kupanda mbinguni
ikatoka kama ushuzi wa mzee kanisani.
Tabea akacheka.
Akacheka hadi akaegemea sleji ya jirani,
machozi yakimgandia kwenye kope,
nami nikacheka, Mungu anisamehe,
mara ya kwanza tangu Februari.
Kikaniuma mbavuni kicheko kile
kama mlango uliosahau bawaba zake.

Wahenga wasema baada ya dhiki faraja.
Mimi hiyo *baada* sijaiona.
Hapa dhiki na faraja hulala kitanda kimoja,
huvutana blanketi usiku kucha,
na asubuhi huwezi kujua nani alimfunika nani.

Nyumba ya saba ni ya Salome.
Nilitaka tunyate. Tabea akasimama pale pale,
akaitia miguu yake kwenye theluji kama nguzo.
Tukapuliza, polepole,
sauti mbili mahali pa kumi na moja,
na katikati matundu
ambamo upepo uliingia kushika nafasi za wasiokuwepo.

Taa ikawaka.
Salome akatoka amevaa buti za Natani,
kubwa, kamba zikiburura.
Hakutushukuru. Hakulia.
Akanyoosha mkono, akauchomoa mdomo wa tarumbeta yangu,
akauficha kwapani mwake.
"Nyumba zimebaki nyingi," alisema.
"Katikati nitakupashia."

Tukapanda watatu, na nyuma yetu
watu wanane au tisa, sikuhesabu,
mmoja bado na mto alama shavuni.
Jua lilipochomoza halikuleta joto hata kidogo.
Nuru tu.
Tabea akasema, kama mtu anayetangaza bei ya mafuta ya taa,
"Amefufuka."

Salome alikaa kimya muda mrefu
akilitazama banda la mashua kule chini.
Kisha akanirudishia ule mdomo.

Ulikuwa na joto bado.