Safu ya Saba

Robo ya mwaka ikiisha, Nairobi hutaka hesabu:
magari mangapi yamegongana,
mifuko ya hewa mingapi ilifunguka,
mingapi ilibaki imelala ndani ya usukani
kama mtoto asiyesikia mlango ukivunjwa.
Siku tano za kazi. Nakala tatu. Wino mweusi.
Mimi ndiye mkono wa fomu hiyo hapa Malindi,
chumba cha pili baada ya choo,
chini ya pangaboi lenye ubawa mmoja pungufu.

Jumatatu waliniletea Probox nyeupe
iliyokokotwa kutoka daraja la Sabaki,
pua imezama kifuani mwake,
ndani bado yanuka spiriti na mahamri.
Ya Sidi Mwaringa, muuguzi,
aliyetoka zamu ya usiku
akakuta lori la mchanga limesimama gizani bila taa.

Nilibandua kifuniko cha usukani kwa bisibisi.
Nilitarajia kitambaa cheupe,
nailoni iliyokunjwa na mashine mahali nisipopajua.
Nikatoa mfuko wa unga.
Wa sembe, kilo mbili, umekunjwa mara nne,
umeshindiliwa sponji ya godoro kifuniko kisibonyee,
na tarehe ya unga kuharibika ingali yasomeka.

Safu ya saba yauliza:
Mfuko ulikuwepo? Ndiyo. Hapana.
Weka alama moja tu.

Ewe lugha yangu, leo umenitega wewe.
Neno moja umelibebesha mizigo yote:
mfuko wa shati, mfuko wa mazishi,
mfuko wa jimbo usiojulikana ulikotobokea,
wa unga, na huu wa hewa.
Nikiandika ndiyo, sitakuwa nimesema uongo.
Nikiandika ndiyo, kweli itakuwa imekwenda na maji.

Fundi Shalo wa Maweni hakukana.
Alifuta mikono kwa tambara jeusi kuliko mikono:
"Lilikuja limeshapigwa huko lilikotoka.
Mfuko mpya ni bei ya ng'ombe wawili,
na mwenye gari wa wakati ule alikuwa na bei ya kuku.
Mteja hapendi kuona shimo, nikaliziba."
Na ile taa ya onyo?
"Niliing'oa. Ilikuwa ikisumbua."

Ilikuwa ikisumbua.

Alhamisi Sidi alikuja mwenyewe,
akitembea kama aliyebeba trei ya mayai chini ya buibui.
Hakutaja fidia. Aliinamia meza yangu, taratibu:
"Mimi mmeniandika wapi?"
Nikamwonyesha. Waliokufa, sufuri. Majeruhi, mmoja.
"Na hizi mbavu, zinazonikataza kucheka,
zinazonifanya niiogope chafya?"
Nilitafuta upande wa mbele.
Nikageuza, nikatafuta upande wa nyuma.

Mkuu wangu alisema, weka ndiyo, bwana,
ukiweka hapana watatuletea fomu nyingine.
Niliweka hapana.
Kisha mkono haukutulia, mwandiko ukapanda ukingo wa karatasi:
mfuko ulikuwepo, wa unga, mtupu,
hauna hewa wala sembe.

Nairobi walijibu upesi, sijapata kuona:
Fomu inarudishwa. Maandishi yamevuka kisanduku.

Jioni niliingia garini mwangu,
mtumba vilevile, mwaka wa sita sasa nauendesha
kutoka Barani hadi ofisini na kurudi.
Nikageuza ufunguo nusu, nikaitazama dashibodi.
Taa ile hutakiwa iwake kidogo, halafu izime,
kama mwanafunzi anayeitika jina lake
kisha akaketi.
Ya mafuta iliitika. Ya breki iliitika. Ya betri iliitika.

Nikazima. Nikageuza tena,
nikikinga mwanga wa jua kwa viganja viwili.

Askari wa lango alinipungia mkono, nitoke, anafunga.
Sikutoka.
Bisibisi ilikuwa mfukoni.