Mraba 4417

Saa nne usiku, Pipeline, ghorofa ya saba,
nafungua wilaya.
Inakuja vipande vipande, bando ni la jioni:
kwanza weupe, kisha weupe, kisha mto
uliolala chini ya barafu
kama mshipa kwenye mkono wa mgonjwa.

Kazi yangu ni kutafuta mapaa.
Nyumba, alama nyekundu. Ghala, manjano.
Pasipo kitu, andika TUPU, songa mbele.
Shilingi nne kwa mraba.

Jina la wilaya lina konsonanti tano zilizoshikana mikono,
ulimi wangu haupiti. Naiita Huko.
Huko ina watu mia tisa na kumi na mmoja.
Jengo letu lina vyumba mia mbili na kumi,
na Jumapili maji yakirudi
foleni ya mitungi pale chini inaushinda uchaguzi wao.
Lakini ukubwa! Itandaze Huko juu ya nchi hii:
kichwa kitalala Moyale,
miguu itaning'inia nje ya Kajiado.

Makao makuu: nyumba tisa na mlingoti.
Mkuu wa wilaya mmoja, karani mmoja,
muuguzi wa Alhamisi, ndege ikipata mwanya.
Barabara kuu ni ziwa lililoganda.
Wameipa namba, wameitengea bajeti,
na Aprili, kwenye jedwali, karani anaandika bila aibu:
*imeyeyuka.*
Nimeishi na serikali miaka thelathini na miwili,
sijaisikia ikisema hivyo kuhusu barabara.
Wafu wa Januari husubiri Juni, udongo ulainike.
Hilo nalo lina fomu yake.

Mimi theluji naijua kwenye friza ya bucha ya Nzilani,
ile inayoota ukutani akisahau kuikwangua.

Ila karani yule namjua.
Baba yangu, Boru Sora, alikuwa karani wa chifu
ukingoni mwa Chalbi. Daftari lake
alilihifadhi ndani ya mfuko wa unga, vumbi lisilile:
kisima, mwenye kisima, zamu ya nani, ngamia wangapi.
Siku moja akaja mpima ardhi kutoka huku Nairobi,
akakunjua ramani kwenye boneti la gari.
Kwetu palikuwa rangi ya kahawia, bila neno hata moja.
"Hapa pako tupu," akasema, akichora mstari.
Baba akammiminia chai ya maziwa ya ngamia.
"Tupu hiyo," akamwambia, "ina watu ishirini na wawili
wanaokusikia."

Saa nane. Mraba 4417.
Miti myeusi, ziwa lisilo na jina, lina namba tu,
na doa la kijivu, dogo kuliko punje ya mtama.
Naweka alama nyekundu.

Jibu linarudi haraka, kama lilikuwa limesimama mlangoni:
*Talaso, 4417 imekataliwa. Hilo ni jiwe. Andika TUPU.*

Navuta picha karibu hadi inavunjika miraba.
Naona uzi. Uzi mwembamba juu ya theluji,
unatoka kwenye jiwe, unakwepa mti,
unafika ziwani, unaishia kwenye tundu jeusi.
Naandika: *Kuna njia iliyokanyagwa.
Mawe hayaendi kuchota maji.*

Kimya.
Mtoto wa chumba cha pili anakohoa, mamake anamwimbia
kwa sauti ya kuficha usingizi.
Tokeni ya stima inalia, imebaki yuniti mbili.
Nafungua 4418. Tupu. 4419. Tupu,
ingawa neno hilo sasa linaniuma kidogo kidoleni.

Sijui kama watanilipa ile moja.
Saa kumi na robo bomba la uani linapiga chafya,
milango inafunguka ghorofa baada ya ghorofa,
nami nachukua mtungi, ndala mguuni,
nateremka na wenzangu gizani,
tukikanyaga palepale.