Kilo Moja ya Maharage

Mama alishuka kutoka Akheri na kilo moja ya Lyamungu
ndani ya fundo la khanga,
akaitua mezani kwangu Njiro, juu ya ripoti za watu.
"Pima. Redio imesema ile mbolea ya jiwe ina urani.
Mimi nimeimwaga misimu saba."

Fundi akiulizwa husema: lete sampuli.
Sampuli hii ndiyo iliyonilea.

Nikayasaga. Nikayashindilia kwenye kopo,
nikaziba mfuniko kwa utepe,
nikaandika: A. Akyoo, Akheri.
Siku ishirini na nane yakae kabatini
mpaka wana wa urani wazaliwe na kutulia,
maana urani yenyewe ina sauti ndogo;
tunaisikia kwa vinywa vya watoto wake.

Kila Jumapili baada ya ibada simu inaita.
"Yamesema?"
"Bado, mama."
"Na huku tunakula?"
"Kuleni."

Nikawa namweleza kidogo kidogo, vocha ikikatika.
Kwamba ni metali nzito kuliko risasi,
debe moja wanaume wanne watalinyanyua kwa kulaani.
Kwamba zamani mafundi wa vioo waliitia chembe,
bilauri zikatoka na rangi ya ndizi inayoanza kuiva,
na watu wakanywea humo bila habari.
Kwamba punje yake, ndogo kama ncha ya kidole,
huchemsha maji ya mtambo wa umeme
kama tani nzima ya makaa.
"Na ile nyingine—"
"Hiyo naijua," akasema. "Hiyo usinieleze."

Nikamwambia: weka gunia leo,
baada ya miaka bilioni nne na nusu utalikuta nusu.
Akacheka mpaka akakohoa.
"Ningepata la mahindi la namna hiyo!"

Siku ya ishirini na tisa nikalishusha kopo
ndani ya sanduku la risasi, kuta unene wa kiganja.
Hapo hucheka peke yangu.
Urani ikishabadilika mara kumi na nne
huishia kuwa risasi.
Tunamfungia bibi
ndani ya mifupa ya wajukuu
ili tumsikie vizuri.

Usiku kucha mashine ilihesabu.
Asubuhi, upande wa kulia wa skrini,
kilele kimoja kimechongoka
kama Meru ukiitazama kutoka Usa:
potasiamu. Ya maharage, ya ndizi,
ya damu yangu mwenyewe. Redio haijawahi kuitaja.
Na kushoto, chini kabisa, kichuguu
ambacho mashine ilisita kukipa jina.

Nilipiga mimi. Haikuwa Jumapili.
"Ipo au haipo?"
Ningeweza kusema haipo. Ungekuwa uongo wa upendo,
nao hauna safu kwenye fomu yetu.
"Ipo. Kiasi cha kutafuta kwa tochi.
Imo kwenye viazi, kwenye chumvi, kwenye maji ya mfereji,
imo hata kwa asiyewahi kununua mbolea.
Karibu yote hupita tumboni ikaenda zake.
Chembe inayobaki hulala mifupani,
nyingine figo huikojoa taratibu."

Kimya. Nikasikia kuku, nikasikia mwiko
ukigonga ukingo wa sufuria.
"Kwa hiyo imo ndani yangu."
"Na ndani yangu."
"Wewe unakaa mjini. Umeitoa wapi?"

Nikatazama kopo, jina lake kwa mwandiko wangu.
"Kwako," nikasema.

Akavuta pumzi kama anayetaka kuomba radhi,
kisha akaghairi.
"Haya. Unga wangu utarudi lini?"
"Haurudi, mama. Sampuli hukaa stoo mwaka mzima."
"Mwaka!" akasema.
"Miaka bilioni hamwoni shida kusubiri,
na makande yangu ya Jumamosi mmeyala."